Haibridi ya kibosi: ukishanunua utulivu, usiuharibu kwa gredi

Watu wanaoniuliza kuhusu magari makubwa ya saluni ya haibridi, yaani yenye injini ya mafuta na mota ya umeme pamoja, karibu wote huanza na mafuta. "Inakula kiasi gani?" Swali hilo linamfaa anayetafuta kagari ka kwendea kazini. Kwa mtu aliyeweka jicho kwenye Lexus ES 300h, BMW 530e, Toyota Crown ya haibridi au Mercedes-Benz E 300 e, mafuta ni kipande tu cha hesabu, na mara nyingi si kipande kikubwa. Ukitoa fedha nyingi namna hiyo unataka safari isiyokuchosha: gari linaondoka kwenye taa bila kunguruma, linatambaa kwenye foleni kimyakimya, unafika kikaoni kichwa bado kizima.

Mimi naendesha ES 300h, na kabla sijaichukua nilizijaribu na nyingine. Ushauri wangu ni huu: chukua haibridi ikiwa safari zako nyingi ni za kwenda na kusimama, kisha tafuta gredi, yaani toleo la gari hilo hilo lenye vifaa vyake, ambayo haitakunyang'anya ukimya uliokwisha kuulipia. Hapo kwenye gredi ndipo watu wanapoumia, lakini tuanze na gari lenyewe.

Unauziwa haibridi ipi?

Ziko za aina tatu, na bei ya moja haihusiani na faida ya nyingine. Ya kwanza ni ile nyepesi ya volti 48. Ina mota ndogo inayoisaidia injini kuondoka na kuiwasha tena upesi baada ya kuzimika kwenye taa, lakini kwa kawaida haina nguvu ya kulisukuma gari kwa umeme peke yake. Si gari baya. Ila muuzaji akianza kukupigia hesabu za haibridi kamili wakati gari ni la volti 48, mwambie aweke kalamu chini kwanza.

Ya pili ni haibridi kamili, ambayo Toyota na Lexus wameishikilia tangu Prius ya kwanza ilipotoka mwaka 1997. Kwenye ES 300h, injini ya petroli ya lita 2.5 imefungamanishwa na mota mbili za umeme kupitia gia zinazozungukana, ambazo hazipandi wala kushuka kama gia za kawaida. Mota moja kazi yake kubwa ni kuzalisha umeme na kuwasha injini. Nyingine husukuma magurudumu, na ukikanyaga breki inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Humo ndani hakuna stata ya kawaida, hakuna alteneta na mkanda wake, hakuna klachi ya kuungua. Breki padi nazo hukaa muda mrefu kwa sababu sehemu kubwa ya kusimamisha gari inafanywa na mota. Huna pa kuchomeka waya wala huna haja ya kuutafuta.

Ya tatu ni ya kuchomeka kwenye umeme, kama 530e na E 300 e. Betri yake ni kubwa zaidi, na ikiwa imejaa unaweza kwenda kazini na kurudi bila injini kuamka. Hapa swali la kujiuliza ni moja tu: usiku gari linalala karibu na soketi yako mwenyewe? Kama jibu ni hapana, au ni "nitaangalia", achana nalo. Bila kuchaji utakuwa unabeba betri nzito kila siku kwa faida ndogo. Tena betri hiyo mara nyingi hupunguza nafasi ya mizigo. Kwenye 530e ya kizazi cha G30 buti ni lita 410, wakati 5 Series ya kawaida ya kizazi hicho ina lita 530. E 300 e ya kizazi cha W213 ina lita 370 dhidi ya 540, na sakafu yake imepanda ngazi ambayo sanduku kubwa halitaipenda. Kama unasafiri na familia, nenda na masanduku yenu siku ya kulikagua. Muuzaji atakutazama vibaya, mwache atazame.

Hesabu ya mafuta, tuimalize upesi

Chukua kilomita unazokwenda kwa mwaka, gawa kwa 100, zidisha kwa tofauti ya lita. Tuseme unakwenda kilomita 15,000, nyingi za mjini, na gari la petroli la ukubwa huo linakula lita 9 kwa kilomita 100 huku haibridi ikila 6. Umeokoa lita 450 kwa mwaka. Sasa tuseme kilomita zizo hizo ni za barabara kuu kwa mwendo wa kasi usiobadilika, na tofauti imeshuka hadi lita 1. Umeokoa lita 150. Zidisha kwa bei ya mafuta unayolipa, ulinganishe na nyongeza ya bei ya gari, upate miaka ya kuirudisha fedha yako.

Tofauti hiyo inatokana na namna mfumo wenyewe unavyofanya kazi. Haibridi inaokoa mafuta unapopunguza mwendo na unaposimama. Kwenye barabara ndefu iliyonyooka hakuna breki ya kurudisha umeme, injini inafanya kazi karibu muda wote, na mwendo ukizidi upepo ndio unaokula mafuta. Anayeishi barabarani kwa safari za mbali namwambia bila kusita: angalia dizeli nzuri au petroli ya kawaida, uachane na haibridi. Wapo wanaokasirika nikisema hivyo.

Kwenye kulijaribu gari, usiridhike na kuzunguka mtaa wa muuzaji. Liombe asubuhi likiwa baridi, lipitishe kwenye foleni, kisha tafuta kilima kirefu ukanyage mafuta kweli. Kwenye haibridi za Toyota na Lexus injini hupanda sauti na kubaki huko juu, spidi ikifuata nyuma taratibu. Kuna watu wanaichukia sauti hiyo, na hakuna gredi itakayoiondoa. Ukiikuta inakukera katika dakika tano, nenda kwa BMW au Mercedes, ambazo zina gia boksi ya otomatiki ya ngazi nane au tisa na hisia uliyoizoea.

Gredi

Majina ya gredi hubadilika soko kwa soko, kwa hiyo usibishane na mtu wa nchi nyingine kuhusu ipi ni ya juu. Soma orodha ya vifaa vya gari lililo mbele yako. Mimi nilianza na tairi, na mpaka leo nawaambia watu waanze hapo.

ES ya kizazi kilichoanza 2018 imetoka na tairi za saizi tatu kulingana na gredi: 215/55 R17, 235/45 R18 na 235/40 R19. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wake kwa asilimia ya upana huo, na ya mwisho ni inchi za rimu. Piga hesabu: ile ya inchi 17 ina ubavu wa milimita 118 hivi, ya 18 kama 106, ya 19 ni 94. Hizo milimita 24 kati ya ya kwanza na ya mwisho ndizo zinazomeza shimo kabla halijafika kwenye shokapu, na kabla halijafika mgongoni kwako. Gredi ya F Sport, yenye rimu za 19, ni nzuri kwa macho. Nisiseme uongo, nilisimama nikaitazama. Katika baadhi ya masoko hupewa shokapu zinazojirekebisha ili kupoza ugumu huo. Lakini tairi pana yenye ubavu mfupi inaleta mlio wa lami ndani, na katika gari ambalo injini imenyamaza, huo mlio huusikii kidogo, unausikia wote. Gari la kawaida lingeuficha nyuma ya sauti ya injini. Isitoshe, tairi ya 19 ni ghali kuibadilisha, na rimu yake hupinda kirahisi zaidi kwenye shimo.

Nilichukua ya 18. Ningekuta ya 17 yenye viti nilivyovitaka ningechukua hiyo, tatizo ni kwamba watengenezaji hupenda kufungia viti vizuri pamoja na rimu kubwa.

Kitu cha pili ni viti, na hapa usijikalie peke yako. Nilimchukua baba yangu, ambaye magoti yamemchoka, akae kila kiti. Viti vya gredi za kimichezo vina kingo zilizoinuka za kumshika dereva kwenye kona. Kwake zilikuwa ukuta wa kuuruka kila anapoingia na kutoka. Kiti cha gredi ya kistarehe alikaa akasahau kushuka. Kama wewe ni mtu wa kuendeshwa, kagua gredi zenye viti vya nyuma vinavyoegemea kwa umeme na vitufe vyake kwenye kiegemeo cha mkono cha katikati. Huko fedha ya ziada inaonekana. Viti vinavyopuliza hewa navithamini kuliko ngozi ya gharama. Paa la kioo nililikataa kwa sababu linapunguza nafasi ya kichwa, na ninao abiria warefu.

Kinachostahili kuongezewa fedha kwa dereva wa foleni ni kidhibiti mwendo kinachofuata gari la mbele mpaka kusimama. Kwenye haibridi kifaa hiki kinapendeza kweli, kwa kuwa gari linasogea na kusimama kwa umeme bila kushtuka. Taa nzuri za mbele pia. Muziki wa Mark Levinson wenye spika 17 ni mtamu, ila nilijiuliza napenda muziki kiasi gani, nikaendelea na spika za kawaida. Ukinunua ES iliyotumika, angalia pia mwaka: kabla ya maboresho ya 2021 skrini haikuwa ya kugusa, unaiongoza kwa kibao kidogo pembeni ya lever ya gia. Wengine wamekizoea. Mimi kilinichosha kabla sijatoka kwenye maegesho, ndiyo nikatafuta la baada ya hapo.

Ukinunua lililotumika

Hofu ya kila mtu ni betri kubwa. Watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8 au kilomita 160,000, ila masharti hutofautiana, hivyo soma karatasi na uulize kama dhamana inamfuata mmiliki mpya. Kisha mlipe fundi mwenye mashine inayosoma mfumo wa haibridi akuonyeshe volti za kila kundi la seli gari likiwa linatembea. Zinatakiwa kupanda na kushuka pamoja. Kundi moja likiporomoka peke yake mnapopanda kilima, hiyo ndiyo dalili, hata kama dashibodi haina taa.

Kwenye magari ambayo betri hupozwa kwa feni, tafuta kitundu cha hewa karibu na kiti cha nyuma. Kikiwa kimejaa vumbi na nywele za mbwa, betri imekuwa ikipumua kwa shida. Kusafisha chujio lake ni kazi ndogo, na mwenye gari aliyeshindwa hata hilo ananipa wasiwasi kuhusu mengine. Uliza pia kulanti (maji ya kupoza) ya inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri uweze kutumiwa na mota, ilibadilishwa lini, maana mara nyingi ina tanki lake tofauti na la injini, na watu huisahau. Tazama diski za breki kama zina kutu, hasa za nyuma, kwa kuwa breki za kawaida hazifanyi kazi sana. Na waya za rangi ya chungwa, zinazobeba umeme mkubwa, asiziguse fundi asiye na mafunzo na glavu zake.

Kuna na betri ndogo ya volti 12, ambayo mara nyingi hukaa kwenye buti. Hii ndiyo inayoamsha kompyuta za gari. Ikifa, betri kubwa iliyojaa haitakusaidia kitu. Ukisafiri wiki kadhaa ukaliacha gari limelala, mwachie mtu ufunguo aliwashe na kuliacha katika hali ya kuwa tayari kutembea kwa nusu saa kila wiki. Taa ya utayari iwe inawaka kwenye dashibodi. Ikiwa zinawaka skrini na redio tu, anaimaliza betri hiyohiyo anayodhani anaichaji.