Mkanda wa Printa ya 3D: Pima Kurefuka Kwake Kabla ya Kuufunga

Wanaounda printa za 3D na CNC ndogo (mashine za kukata zinazoongozwa na kompyuta) hapa Dar huuliza mara kwa mara: "Nimenunua mkanda Kariakoo, nimeambiwa ni GT2 wenye faiba, mbona duara linatoka kama yai?" GT2 ni aina ya mkanda wa meno unaosogeza kichwa cha mashine, na faiba ni nyuzi za kioo zilizomo ndani yake. Kabla ya kuulaumu mkanda, kaza skrubu ndogo zinazoshika puli (gurudumu la meno linalovuta mkanda) kwenye shafti ya mota. Zikilegea, matokeo ni hayo hayo. Zikiwa imara, kata kipande cha mkanda mita moja na nusu ukipime.

Anza na meno. GT2 ina milimita 2 kutoka jino hadi jino, kwa hiyo meno 100 yanatoa milimita 200. Mikanda mingi inayong'olewa kwenye printa na fotokopi za zamani ni MXL, aina nyingine ya mkanda wa meno, ambayo jino hadi jino ni milimita 2.032. Kwa macho ni vigumu kuzitofautisha, lakini meno 100 ya MXL yanafika 203.2. Ukipata 203, weka pembeni: mkanda huo hauendani na puli zako hata ungekuwa mpya kabisa.

Kisha tazama ndani. Kata kwa wembe mpya, piga picha ya karibu kwa simu. Nyuzi ziwe zimepangwa kwa nafasi sawa, zisiwe zimekimbilia upande mmoja. Chomoa uzi mmoja, uushike kwa koleo kwenye moto wa kiberiti cha gesi. Nyuzi za kioo haziwaki. Uzi ukiyeyuka na kujikunja kuwa kijidonge, huo ni nailoni au poliesta, na utarefuka kila siku. Vaa glavu, maana vipande vya kioo vinaingia kwenye ngozi.

Sasa kipimo chenyewe, na hapa ndipo wengi wanaharibu: wanapima kutoka kibano hadi kibano. Mkanda ukiteleza nusu milimita kwenye kibano, wanaandika kwamba umerefuka. Pima mkanda, usipime kibano. Hesabu meno 500, yaani milimita 1000, na kila mwisho gundisha pini nyembamba. Ning'iniza mkanda mbele ya ubao wenye misumari miwili, mmoja jirani na pini ya juu, mwingine jirani na ya chini. Kwa kalipa (kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita), soma umbali wa kila pini na msumari wake. Pini ya chini ikishuka 1.4 na ya juu 0.4, mkanda umerefuka milimita 1 tu. Hiyo 0.4 ni ya kibano.

Usifunge fundo, kwa sababu kioo kinavunjika pale pale kwenye mkunjo. Zungusha mkanda mara mbili kwenye kipande cha bomba gumu lenye uso laini, la milimita 25, halafu mwisho wake ukunje jino kwa jino, uubane kati ya bati mbili za alumini kwa bolti nne za M4 (unene wa milimita 4). Bomba linabeba mzigo mwingi, kibano kinabaki na kazi ndogo.

Uzito ni maji: lita moja ni kilo moja. Tundika dumu, tia maji hadi jumla ifike kilo 1, subiri dakika tano mkanda ukae sawa, andika. Ongeza lita moja moja hadi kilo 5, ukisoma kila hatua, kisha punguza kwa mpangilio ule ule. Mkanda usiporudi kwenye urefu ulioanzia, ama umeteleza ama nyuzi zimeachia. Acha kilo 3 hadi kesho, usome tena saa ile ile. Chini ya paa la bati, asubuhi na mchana ni hali mbili tofauti: chuma cha mita moja kinaongezeka takriban milimita 0.12 joto likipanda digrii 10 za Selsiasi, na hilo tu linatosha kukudanganya.

Tuseme kutoka kilo 1 hadi 3 mkanda umerefuka milimita 1. Kilo 2 ni niutoni 19.6. Gawanya kwa 0.001 (milimita 1 kati ya 1000), unapata ugumu wa niutoni 19,600. Kichwa cha printa cha gramu 400 kikiongeza kasi kwa 3000 mm/s² kinavuta niutoni 1.2. Kwenye nusu mita ya mkanda huo, hiyo ni milimita 0.03, haionekani. Lakini CNC inayokata mbao kwa niutoni 20 itapotea milimita 0.5. Kwa CNC nunua mkanda mpana zaidi, fupisha njia yake, au tumia skrubu ndefu inayozungushwa na mota badala ya mkanda.

Kukatika kunawatisha watu kuliko inavyostahili. Mota ya NEMA 17 (saizi ya kawaida kwenye printa za 3D) yenye nguvu ya kuzungusha ya 0.4 Nm kwenye puli ya meno 20 haivuti zaidi ya kilo 6.4 hivi. Ongeza mkazo wa kawaida wa kilo moja au mbili, bado hujafika 10. Ning'iniza kilo 10 kwa saa moja, ndoo iwe sentimita 5 juu ya gunia la mchanga, miwani usoni, usimame pembeni. Mkanda ukivumilia bila jino kupasuka, unatosha.

Mkanda wa nyuzi za chuma utakufurahisha kwenye kipimo hiki kwa sababu haurefuki kirahisi. Usiuamini bado. Kwenye puli ndogo ya meno 16 waya unakunjwa mno kila mzunguko, unachoka, na ncha zinatokeza pembeni. Uendeshe na kurudi kwenye puli hiyo kwa saa kadhaa ukiwa na kilo 2, ndipo upime upya.

Na tuambizane ukweli, wadau: ukimuuzia mtu mashine ambayo mkanda wake hukuupima, umemuuzia usumbufu. Kazi yote hii ni jioni mbili na dumu la maji. Andika matokeo kwenye karatasi, ibandike kwenye roli ile ile uliyokata kipande, na kila roli mpya ipimwe upya hata kama imetoka duka lile lile.