Ampule (balbu) ya wati 100 au LED? Pima kwanza umeme unaofika kwenye taa

Swali: Papa fundi, jambo. Mimi ni motari, nabeba abiria kwa pikipiki, naishi Ndosho hapa Goma. Kila siku saa kumi ya alfajiri nawapeleka mama wauza samaki soko la Kituku, na jioni narudi giza limeshaingia. Taa yangu inamulika kidogo sana, hasa kwenye barabara za mawe. Pikipiki ni ya injini ya cc 125, na ampule imeandikwa 12V 35/35W HS1. Nikipunguza mafuta, taa inafifia. Wauzaji wa mtaa wa Birere wameniambia ninunue ampule ya wati 100. Rafiki yangu ameweka LED nyeupe kabisa, ananihimiza nifanye kama yeye. Nichukue ipi?

Jibu: Jambo ndugu yangu. Ya wati 100 usinunue kabisa. LED tutaifikia, lakini usitoe pesa leo. Pikipiki nyingi ninazoletewa na malalamiko kama yako hazina shida ya ampule. Zina umeme unaopotea njiani kabla haujafika kwenye taa, na kubadilisha ampule hakurudishi umeme uliopotea.

Nianze na hiyo ya wati 100, kwa sababu naona inauzwa sana. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Ampule yako ya wati 35 inavuta karibu ampea 3. Ya wati 100 inavuta zaidi ya 8, na inazivuta kupitia waya zilezile nyembamba, swichi ileile ya mkononi, soketi ileile ya plastiki. Nimeshafungua taa ya namna hiyo: soketi imeyeyuka na kushikana na miguu ya ampule, swichi ndani imekuwa nyeusi, na ile sahani inayong'aa nyuma ya ampule imebabuka kwa joto. Mwenye pikipiki alikuwa amelipia mwanga, akaishia kununua taa nzima. Tena koili za chaji za pikipiki ndogo, zile zinazozalisha umeme injini ikizunguka, hazikutengenezwa kubeba mzigo huo, kwa hiyo ukiwa polepole kwenye mashimo, pale unapohitaji kuona zaidi, volti zinaanguka na ampule kubwa inawaka nyekundu kama kaa la makala (mkaa).

Sasa chukua mita ya volti, au nenda kwa fundi yeyote mwenye nayo. Washa injini, izungushe kwa kasi ya kati, taa ikiwa inawaka. Pima kwenye betri: ukiona kati ya 13.5 na 14.5, chaji ni nzima. Halafu pima kwenye ampule yenyewe, ikiwa imechomekwa na inawaka. Ingiza ncha za mita kwa nyuma ya soketi. Usipime soketi tupu, maana bila mzigo hata waya mbovu huonyesha volti nzuri. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo mwanga wako uliopotea.

Na unapotea kuliko unavyodhani. Ampule ya halojeni, hii ya waya unaowaka ndani ya kioo kidogo, haipungui mwanga sawasawa na volti. Ukiipunguzia volti kwa asilimia 10, mwanga unapungua kwa karibu asilimia 30. HS1 hupimwa kiwandani kwa volti 13.2, na hapo hutoa lumeni (kipimo cha mwanga) 825 kwa taa ya juu na 525 kwa taa ya chini, ile tunayoita kode. Ikipata volti 11 tu, inabaki na kama nusu ya mwanga huo. Kuna motari mmoja aliniletea pikipiki akiwa tayari amenunua ampule mbili mpya ndani ya mwezi. Betri ilisoma 13.9, ampule 11.6. Tulifungua swichi ya taa, vishikizo vya shaba vilikuwa na kutu ya kijani. Waya wa ardhi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, ulikuwa umefungwa kwa bolti juu ya rangi ya fremu. Tukasafisha, tukakwangua rangi mpaka chuma kikaonekana, tukafunga upya. Ampule ikasoma 13.4. Aliondoka na ampule ileile ya zamani, na jioni alinipigia simu kuuliza nimemwekea ampule gani.

Huo waya wa ardhi uuangalie kwa makini. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye mguu wa ardhi wa ampule, taa ikiwaka. Ikisoma zaidi ya volti 0.2, umeme unarudi kwa shida na hapo ndipo pa kusafisha. Sisi wa Goma tuna sababu ya ziada ya kutazama viungo vya waya mara kwa mara: moshi wa volkano ya Nyiragongo una salfa, na mvua inayoupitia inashuka na asidi. Wanaofanya kazi upande wa Rusayo, karibu na volkano, wanajua inavyokula mabati. Shaba nayo inaliwa. Ukimaliza kusafisha, paka grisi kidogo juu ya kiungo.

Umesema ukipunguza mafuta taa inafifia. Hilo lina maana mbili, na lazima ujue ni ipi kabla ya kununua chochote. Zima injini, fungua kontakti (swichi ya ufunguo), washa taa. Isipowaka kabisa, basi kwa kawaida taa yako inalishwa moja kwa moja na koili, kwa mkondo geu (AC), bila kupitia betri. Kwa pikipiki ya namna hiyo kufifia ni kawaida yake, kwani umeme unafuata mzunguko wa injini. Ikiwaka injini ikiwa imezimwa, inalishwa na betri kwa mkondo mnyoofu (DC), na kufifia kwako ni dalili ya betri iliyochoka au chaji dhaifu. Tibu hiyo kwanza.

Ikiwa yako ni ya betri, kazi inayolipa kuliko zote ni kuweka rilei, yaani swichi inayoamshwa na umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa. Waya mnene wa milimita mraba 1.5 au zaidi unatoka chanya ya betri, unapita fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, unaingia rilei mguu namba 30, unatoka namba 87 kwenda kwenye ampule. Ule waya wa zamani wa swichi unaenda namba 86 kuamsha rilei tu, na 85 inaenda ardhi. Utahitaji rilei mbili, moja ya kode na moja ya taa ya juu. Waya wa ardhi wa ampule nao urudishe mpaka hasi ya betri, usiuishie kwenye fremu. Hapo swichi yako haibebi tena mzigo wa taa, na volti za betri zinafika karibu zote. Tafadhali usiruke fyuzi. Waya wa chanya ukichubuka karibu na tangi bila fyuzi, pikipiki inaungua. Na kama taa yako ni ya mkondo geu, rilei za kawaida hazifai, zitatetemeka. Huko kubadili mfumo ni kazi ya fundi mwenye uzoefu wa koili.

Sahani ya ndani na kioo cha mbele nitavipitia haraka. Vumbi ndani ya taa lipulizwe kwa hewa. Usisugue sahani kwa kitambaa wala petroli, ule ung'aavu ni utando mwembamba wa aluminiamu na ukitoka haurudi. Kioo cha plastiki kilichokuwa cha njano kinaweza kusuguliwa kwa msasa laini sana wenye maji kisha polishi. Unapoweka ampule mpya, shika chuma, usiguse kioo chake. Mafuta ya vidole yanakifanya kipate joto sehemu moja na kufa mapema.

Kuelekeza taa ndiko wamotari wengi wanakokusahau. Tafuta mahali tambarare na ukuta, simamisha pikipiki mita 10 kutoka ukutani. Panda, na mpandishe abiria pamoja na mzigo unaobeba kila siku. Wewe unabeba mama na beseni la samaki, nyuma inazama, na taa inainuka kutazama juu ya paa. Ndiyo maana ukiwa peke yako unaona, ukiwa na abiria huoni barabara na wanaokuja wanakupigia honi. Pima urefu kutoka chini hadi katikati ya taa, weka alama ukutani kwa urefu huohuo. Ukingo wa juu wa mwanga wa kode ukae sentimita 10 hadi 15 chini ya alama. Legeza bolti za taa, sogeza, kaza. Haina gharama, na kwa wengine inatosha.

Ukiwa hapo ukutani tazama umbo la ukingo. Taa nyingine hukata mwanga kwa mstari ulionyooka, hazina shida. Nyingine upande mmoja hupanda kidogo ili kumulika kando ya barabara. Sisi wa Kongo tunaendesha kulia, kwa hiyo unapaswa kupanda kulia. Lakini India, Uganda, Kenya na Tanzania wanaendesha kushoto, na taa iliyotengenezwa kwa ajili yao hupanda kushoto, yaani inampiga machoni anayekuja mbele yako. Ukikuta hivyo ishushe taa zaidi kidogo, na siku ukibadilisha taa nzima tafuta ya upande wetu.

Sasa LED ya rafiki yako. Sahani ya taa imechongwa kufuata mahali hasa ambapo waya wa ampule unawaka. Ukisogeza chanzo cha mwanga milimita chache tu, mwanga unatawanyika. Pia ndani ya ampule ya HS1, chini ya waya wa kode, kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usiende juu. LED nyingi za bei ya chini hazina kikombe hicho, na vipande vyake vya mwanga vimekaa popote. Utaona nyeupe nyingi mita tano mbele ya gurudumu na utafurahi. Lakini jicho likipata mwanga mkali karibu, mboni inajikaza, na kule mbali kunakuwa na giza kuliko mwanzo. Mama anayevuka na beseni mita 30 mbele utamwona amechelewa.

Zipo LED nzuri. Ubao wake ni mwembamba, vipande vimepangwa juu na chini mahali pa waya mbili za ampule, kikombe kipo, na kipoza joto cha nyuma kinaingia bila kubana mpira wa kuzuia maji. Mwambie muuzaji aiwashe mbele ya ukuta ndani ya taa yako, si mkononi. Ukingo wa kode ukibaki wazi kama wa ampule ya zamani, lipa. Mwanga ukisambaa hadi darini, mrudishie. Iwe ya rangi ya joto kidogo, kelvini 4,000 hivi; zile za buluu za 6,500 zinasumbua macho zaidi. Na iwe kwa pikipiki ya betri pekee; kwenye mkondo geu itapepesa na haitadumu. Faida yake ya kweli ni kwamba hula umeme mdogo, betri inapumua. Taa za gesi ya zenoni, zile za kisanduku cha volti kubwa, sizifungi kwenye taa ya sahani hata nikilipwa, zinawapofusha watu.

Kuna jambo moja la Goma ambalo hakuna ampule italimaliza. Umesema shida ni hasa kwenye mawe. Lava ni nyeusi na ina matundu, inameza mwanga badala ya kuurudisha. Barabara ya vumbi jeupe na barabara ya mawe ya volkano haziwi sawa usiku hata ukiwa na taa ileile. Na juu ya mawe hayo kuna chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, isiyo na taa, mbao yake imeshika rangi ya barabara, imebeba makala meusi. Kwa kilometa 40 kwa saa, tangu unapoona kitu hadi unaposimama, unatumia karibu mita 30 kwenye lami kavu, na kwenye mawe yanayoteleza zaidi ya hapo. Kwa 60 ni zaidi ya mita 50. Kode ya HS1 hata ikiwa nzima haikuonyeshi chukudu nyeusi kwa mita 50. Kwa hiyo Ndosho hadi Kituku alfajiri, nakuomba usipite 40, hata baada ya kutengeneza kila kitu. Ukiwa na rafiki mwenye chukudu, mnunulie kipande cha utepe unaorudisha mwanga, abandike nyuma. Mimi nimebandikia wawili wanaopita mbele ya garasi yangu, na sasa nawaona kutoka mbali.

Kama baada ya yote hayo bado unataka ampule mpya, nunua HS1 ya 35/35 yenye alama ya E ndani ya duara kwenye chuma chake. H4 ya 60/55 inafanana nayo na watu hukata masikio yake ili iingie. Mwanga wake ni mara mbili, lakini na mzigo ni karibu mara mbili, na koili zako sizijui.

Niandikie namba mbili, volti za betri na volti za ampule, na uniambie kama taa inawaka injini ikiwa imezimwa. Hapo nitakuambia uanze na nini.