Nisubiri sindano ya masikio?

SWALI: Shikamoo dada. Nina miaka 58, nimesaga unga Ifakara miaka 26 kwa mashine ya dizeli, masikio wazi. Sasa mteja akisema kilo sita nasikia tisa, tunagombana. Usiku kuna mlio kama nyenje, hauzimi. Mjukuu kanionyesha kwenye simu mtoto kiziwi kachomwa sindano, akasikia. Niuze shamba la mpunga nikachomwe, au nisubiri?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Shamba usiuze.

Mjukuu hakukudanganya. Huko Shanghai watoto sita walitibiwa hivyo, na taarifa ya Januari 2024 ilisema watano walianza kusikia. Ila hao walizaliwa na hitilafu kwenye jeni moja (agizo la mwilini tunalorithi kwa wazazi), ya otoferlini. Seli zao za kusikia zipo, zinashindwa tu kukabidhi sauti kwa mshipa wa fahamu. Sindano inapeleka nakala nzima ya jeni hiyo, basi, kazi inaanza.

Seli zako wewe zimekufa. Tunazaliwa na kama 15,000 kila sikio, na kelele ikizimaliza hazioti tena. Za kuku huota upya! Jambo hilo limejulikana tangu miaka ya 1980, na bado linanitia wivu nikimwona jogoo. Wamarekani walitengeneza dawa ya kuziotesha kwa binadamu, FX-322. Niliishangilia mno. Februari 2023 majaribio yakaonyesha haishindi sindano isiyo na dawa, wakaiacha. Wengine wanaendelea kutafuta, lakini mimi nisingepanga uzee wangu kwa kuwategemea.

Huo mlio naujua. Nilitibiwa kifua kikuu kwa streptomaisini, dawa inayoweza kudhuru masikio, nikapona kifua, sikio la kushoto likabaki linapiga filimbi hadi leo. Ireland wametengeneza kifaa, Lenire, kinachotekenya ulimi kwa umeme mdogo huku unasikiliza sauti masikioni. Marekani walikiruhusu Machi 2023. Baadhi hupata nafuu, mlio wenyewe hauondoki. Kidonge kilichothibitishwa kuutibu hakipo, hivyo anayekuuzia chupa stendi mwache apite. Mimi hulala na redio ndogo niliyoiweka katikati ya stesheni mbili, ikikoroma chini chini. Mume wangu alilalamika wiki moja, sasa ikizimika anaamka yeye.

Nenda hospitali yenye daktari wa masikio wakupime. Waangalie nta kwanza. Nimewahi kuona mtu aliyejiita kiziwi akatoka anacheka baada ya kusafishwa. Ukihitaji kifaa cha kusikia, kivae: wengi wakivaa, na mlio hupungua, kwa sababu ubongo unapata sauti za kweli za kushughulika nazo. Lakini siku sikio likiziba ghafla, au mlio ukawa wa upande mmoja, au ukadunda pamoja na mapigo ya moyo, usingoje kuuza mpunga, nenda siku hiyohiyo.

Na mashineni vaa vile vikombe vya masikio wanavyovaa mafundi wa kukata vyuma. Nunua jozi mbili, maana huyo mjukuu najua likizo anakusaidia kusaga.