Mama wa magoti apande Golconda? Mkuu, acha kabisa!

Yaani mkuu unampeleka mama Hyderabad, India, kutibiwa magoti, halafu mkitoka kliniki mchana mpitie ngome ya Golconda mkauangalie mji kutoka juu? Unauliza nauli ya bajaji, cha kuvaa na kama kamera inaruhusiwa. Nauli baadaye. Mama asipande!

Sisi tulimpeleka mjomba, wiki za mwanzo baada ya upasuaji wa moyo. Dalali aliyetupangia safari, wa hapa hapa Tanga, alituambia, "Kilima kidogo tu, kama kupanda Bombo. Kwani daktari si kasema atembee?" Bombo! Golconda ni mlima wa mawe matupu, ngazi zaidi ya 300 mpaka Bala Hisar, ile ngome ya juu kule kileleni, na hazilingani, hii fupi, hii inakufika gotini. Tena ilikuwa Mei, saa saba mchana, mwezi ambao Hyderabad joto linafika nyuzi 40. Jua linakuchoma utosini, jiwe linakuchoma nyayo. Katikati ya njia mjomba akakaa kitako, akauliza kama tumeshapita Korogwe. Nikacheka, huyu mzee kwa utani namjua. Kumbe mwenzetu kashaanza kuweweseka.

Vijana wa pale wakamshusha kwa kupokezana mgongoni. Akarudi wodini, ndege ikatuacha, mwenye chumba akadai kodi nyingine. Machungwa ya Muheza ya msimu mzima yakaishia dirisha la malipo. Dalali kupigiwa simu: "Kila mtu na afya yake, kaka." Kamisheni keshakula, ana shida gani?

Hebu jiulize, Aurangzeb mwenyewe, mfalme wa dola ya Mughal, na jeshi lake waliizingira ngome ile miezi minane, wakaja kuingia mwaka 1687 kwa sababu mtu wa ndani alihongwa akafungua lango. Wewe una mama na bakora.

Panda peke yako, asubuhi lango likifunguliwa tu, na maji yako mkononi. Utauona mji wote, na makuba ya makaburi ya wafalme wa Qutb Shahi, waliotawala hapo, yakiwa chini yako. Mama muweke langoni kivulini, chini ya kuba la lango. Ukipiga makofi pale, sauti inasikika hadi kileleni. Ndivyo walinzi walivyokuwa wakipashana habari. Kubalianeni kabisa: akipiga mara moja, yuko salama. Akipiga mfululizo, ana njaa, shuka haraka.