Msiulize aanze au akae benchi, ulizeni anamkaba nani

Mhariri, swali lenu la wiki hii la mpira wa kikapu, "Gadi mfupi aanze mchezo au atokee benchi?", limenigusa pabaya. Gadi ni yule mchezaji wa nje anayeleta mpira. Kila likiulizwa majibu ni yale yale: mfupi ana kasi, aingie robo ya pili awavuruge, kisha akae. Na mimi msimamo wangu ni atokee benchi, niseme mapema. Ila kuanza ni dakika tano sita tu za mwanzo. Kinachoamua ni anamkaba nani na anacheza pembeni ya nani.

Chukueni fainali ya NBA ya 2011, Dallas na Miami. J.J. Barea, gadi wa Dallas wa sentimita 178, msimu ule karibu wote alitokea benchi. Miami wakaongoza michezo 2-1, na Barea akiingia hafui dafu. Wakati huo akitokea benchi alikuwa akikutana sana na Mario Chalmers wa Miami, mwenye miguu myepesi, anayepita juu ya skrini (mchezaji anayesimama kumziba mkabaji) na kumfikia kabla hajauinua mpira. Mchezo wa nne kocha wa Dallas, Rick Carlisle, akamwanzisha, akampeleka benchi DeShawn Stevenson. Watu wakashika vichwa: mbele ya nyota wa Miami, Dwyane Wade na LeBron James, unamtoa mkabaji wa sentimita 196 unamweka huyu?

Hesabu ilikuwepo. Miami walimwanzisha Mike Bibby, ambaye kasi ilishamwishia na kazi yake kubwa ilikuwa kusubiri mpira wa pointi tatu. Basi Barea akapata mtu wa kumkaba bila kuumia, na mtu huyo huyo akalazimika kumkimbiza yeye. Wale wazito, Wade na LeBron, wakabaki kwa Shawn Marion na Jason Kidd wa Dallas. Kidd alikuwa pointi gadi wa sentimita 193 mwenye kifua cha kusukumana na wakubwa, na bila yeye mpango mzima haupo.

Sasa tazameni shambulizi lenyewe. Barea analeta mpira, Tyson Chandler, senta (mrefu wa chini ya ringi) wa Dallas, anamwekea skrini juu ya mstari wa pointi tatu, kisha anakimbilia ringi mikono juu. Senta wa Miami akipanda kumzuia Barea, Chandler anapigiwa pasi ya juu anaudunga. Akirudi nyuma, Barea anapata uwazi pale kwenye fri throo. Anayemkaba Dirk Nowitzki, mpigaji mkali wa Dallas, hathubutu kusogea kusaidia. Barea anaurusha mpira juu juu kwa mguu mmoja, mapema, kabla mrefu hajajipanga kuruka. Akidundisha mara moja zaidi, anapigwa bloku. Akiruka kwanza ndipo atafute wa kumpasia, mpira unaibwa. Mfupi hana muda wa kufikiria akiwa hewani.

Dallas wakashinda 86-83. Mchezo wa tano Barea akafunga 17, ikaisha 112-103. Wa sita kocha wa Miami, Erik Spoelstra, akamng'oa Bibby, akamwanzisha Chalmers. Barea akafunga 15 hata hivyo, 105-95, ubingwa. Na hapa ndipo msimamo wangu wa benchi unaanza kulegea, maana Chalmers, dawa ya Barea, sasa alikuwa mbele yake tangu filimbi ya kwanza na dawa haikufanya kazi. Naona jibu ni Chandler na Dirk: akianza anacheza nao tangu mwanzo, akitokea benchi anawapata kwa vipande.

Isaiah Thomas, sentimita 175, alichaguliwa wa 60, wa mwisho kabisa, kwenye drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) ya mwaka huohuo wa 2011. (Sisi watu wa Hasheem Thabeet, wa pili 2009, tunajua namba ya drafti haichezi.) Msimu wa 2016-17 Boston walimwanzisha, akawa na wastani wa pointi 28.9, wakashinda michezo 53. Gadi mkali wa wapinzani alikabwa na gadi mwenzake, Avery Bradley. Lakini Thomas alipoumia nyonga kwenye fainali ya Mashariki, Boston bila yeye walikwenda Cleveland wakashinda mchezo wa tatu 111-108. Mmoja tu, ndiyo, wakatolewa 4-1.

Kwa hiyo aanze, iwapo timu ina gadi wa pili mrefu anayekaba, senta anayeweka skrini akakimbia, na mpigaji mmoja asiyeweza kuachwa bila mkabaji. Kikikosekana kimoja, sina uhakika. Vikikosekana viwili, benchi.

Na hata akianza, wapinzani watamwinda: mtu anayekabwa naye ataitwa kuweka skrini ili Barea wenu aishie kwa jitu la mita mbili. Asikubali kubadilishana watu wa kukaba. Atoke hatua mbili ampunguze kasi mwenye mpira, arudi kwa mtu wake. Akishanaswa kwa jitu hilo, mwenzake mrefu achukue nafasi yake kabla pasi haijafika chini ya ringi. Zikibaki sekunde 20, mko mbele kwa pointi moja na mpira ni wao, mtoeni, ila taimauti moja iwe imebaki ya kumrudisha mkipata mpira.