Jibu: Kwa nini rejeta za magari ya kwanza zilivuja sana

Mkuu, umeuliza kwa nini rejeta (vifaa vya kupoza maji ya injini) za magari ya mwanzoni zilivuja hovyo, na wahandisi walifanyaje. Kwa maoni yangu tatizo lilikuwa kwenye lehemu.

Chukua Mercedes ya nguvu farasi 35 ya mhandisi Mjerumani Wilhelm Maybach, iliyokamilika mwishoni mwa 1900. Rejeta yake ya mfano wa sega la nyuki ilikuwa na vijibomba 8,070, kila kimoja milimita 6 kwa 6, vyote vimelehemiwa pamoja. Hewa ilipita ndani ya vijibomba, maji yakazunguka nje. Ilipoza vizuri mno, lita 9 tu za maji zilitosha. Lakini hebu fikiria maungio yalivyokuwa mengi!

Lehemu ya bati na risasi ni laini. Gari likipita kwenye mashimo fremu inajipinda, na rejeta iliyokazwa kwa bolti pande zote inajipinda nayo. Ufa unaanza hapo, mwembamba kama unywele. Kuongeza lehemu hakusaidii, ukiziba leo kesho panavuja pembeni. Dawa ni kuilegezea rejeta: ishikwe sehemu chache, iwekewe mpira au springi chini, na iunganishwe na injini kwa hozi ya mpira.

Kuipima nako ni muhimu. Ziba matundu yake, ijaze hewa, izamishe kwenye beseni la maji. Fundi wangu bado anafanya hivyo. Juzi nilikodoa macho muda mrefu ndipo nikaona kipovu kimoja kikichomoza pembeni.