Maswali na majibu: Wenye nyuklia wanapotunishiana misuli

Nani aanze kuzungumza bila kuonekana ameogopa? (Msomaji, Arua)

Mara nyingi huanza kwa siri, ndugu yangu. Oktoba 1962 Wasovieti walikuwa wameweka makombora ya nyuklia Cuba, na manowari za Marekani zikakizingira kisiwa hicho. Hadharani ni vitisho tu. Jumamosi usiku, tarehe 27, Robert Kennedy, mdogo wake Rais wa Marekani, akakutana ofisini kwake na Dobrynin, balozi wa Wasovieti, akampa pendekezo hili: Wasovieti wakiondoa makombora, Marekani haitaivamia Cuba, na makombora yake yaliyoko Uturuki yataondolewa pia, ila hilo la Uturuki lisitangazwe. Kesho yake Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti, akakubali. Ya Uturuki yaliondoka kimyakimya 1963. Kila upande ulipata cha kwenda nacho nyumbani, na kwangu hiyo ndiyo kazi ngumu kuliko zote ya mjumbe: kumtafutia adui njia ya kurudi nyuma bila kuaibika mbele ya watu wake.

Halafu kuna njia yenyewe ya mawasiliano. Dobrynin alisimulia baadaye kwamba telegramu zake za kwenda Moscow zilifuatwa ubalozini na kijana wa baiskeli. Uhai wa mamilioni ulikuwa mikononi mwa kijana yule! Juni 1963 wakakubaliana kuweka laini ya moja kwa moja kati ya Washington na Moscow. Lakini si maadui wote wenye njia kama hiyo: Marekani na Iran zilivunja uhusiano wa kibalozi 1980, na kwa miaka mingi ujumbe wao umekuwa ukipitia kwa Uswisi au Oman. Hali ya namna hiyo hunitia hofu kuliko kombora lenyewe.

Adui akisaini leo, kesho si atadanganya? (Msomaji, Kasese)

Anaweza. Ndiyo maana mkataba wa nyuklia wa Julai 2015, kati ya Iran na mataifa makubwa ikiwemo Marekani, haukutegemea kuaminiana. Uliandikwa kwa tarakimu: urani, malighafi ya nyuklia, isirutubishwe (yaani isiongezewe nguvu) zaidi ya asilimia 3.67, akiba isizidi kilo 300, na wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki waingie vituoni. Iran nayo ilegezewe vikwazo. Wakaguzi waliripoti tena na tena kwamba masharti yanatimizwa. Aliyejitoa, Mei 2018, ni Rais Trump, na mwaka uliofuata Iran ikaanza kuivuka mipaka ile. Lilikuwa kosa kubwa. Baada ya hapo, utamwambia nini mtu wa Pyongyang, kule Korea Kaskazini yenye mabomu yake, ili akuamini?

Kuna nchi iliyowahi kuyaacha mabomu yake? (Msomaji, Mbarara)

Ipo, tena ya hapa Afrika. Machi 1993 Rais de Klerk aliliambia bunge la Afrika Kusini kwamba walitengeneza mabomu sita na wameyavunja yote.

Uganda tunahusikaje? Huku kwetu tunajua vita vya bunduki na panga tu. (Msomaji, Gulu)

Mwaka 2009 na 2010 tulikuwa na kiti katika Baraza la Usalama. Juni 2010 tuliunga mkono azimio 1929 la kuiongezea Iran vikwazo. Brazili na Uturuki zilipinga, kwa kuwa mwezi mmoja kabla zilikuwa zimepata makubaliano yao na Tehran. Binafsi ningetamani tungesimama nazo.

Balozi wetu pale alikuwa Ruhakana Rugunda, yuleyule aliyeongoza ujumbe wa serikali Juba kuanzia 2006 kuzungumza na waasi wa LRA. Mazungumzo yale ninyi wa Gulu mnayakumbuka kuliko mimi. Kony, kiongozi wa LRA, hakusaini mkataba mpaka leo. Lakini wajumbe wakiwa bado wanabishana kule Juba, familia za Acholi zilianza kutoka kambini na kurudi mashambani kwao.